Sukuma Wiki, Okoa Jahazi na Fuliza: Lugha na Hesabu ya Kuufikia Mwisho wa Mwezi

Utangulizi

Katika soko la Nyacheki, eneo la Bobasi, Kaunti ya Kisii, tarehe 20 ya mwezi haihitaji kalenda ili itambulike. Mwenye duka hulifungua daftari la madeni mara nyingi kuliko anavyoifungua droo ya pesa. Buchani, wateja huagiza robo kilo badala ya nusu. Akina mama wa mboga nao huuza mafungu ya sukuma wiki yakaisha kabla jua halijatua. Mwezi umefika ukingoni, mshahara bado, na tumbo halina subira.

Makala haya yananuia kukijadili kipindi hicho cha baina ya pesa kwisha na mshahara kufika, hasa kwa mtu ambaye tayari ana deni la kulipa. Mwandishi ni mwanafunzi wa fasihi, wala si mhasibu. Hata hivyo, amewahi kuwa mdeni, na katika kuhangaika kwake aligundua kwamba maneno tunayoyatumia kila siku kuhusu ukata na mikopo yana hekima ambayo wengi wetu huipita bila kuitazama. Hoja yetu ni moja: mkopo wa kuufikia mwisho wa mwezi humpa mtu utulivu, lakini utulivu si safari. Ili deni liishe, sharti lipungue kila mwezi kwa kiasi kinachojulikana, hata kama ni kidogo.

Maneno ya Ukata

Tuanze na jina sukuma wiki. Hakuna haja ya kamusi: ni mboga ya kuisukuma wiki ifike mwisho. Jina hili halisifu ladha wala rangi ya mboga, bali kazi yake katika bajeti ya nyumba. Huko kwetu Gusii tunazo pia chinsaga na rinagu, mboga za kienyeji ambazo mara nyingi huota nyuma ya jiko na hazimdai mtu shilingi.

Aidha, Kiswahili hutofautisha kuazima na kukopa. Ukiazima jembe kwa jirani, unarudisha jembe lile lile. Ukikopa unga, ule ule uliokopa umekwisha kuliwa. Unachorudisha ni mwingine unaolingana nao, na ikiwa mkopo una riba, unarudisha zaidi. Tofauti hii ni muhimu. Anayekopa chakula cha tarehe 25 analipa kwa chakula cha mwezi ujao ambacho bado hajakila. Ndiyo maana wahenga wakasema kwamba kukopa harusi, kulipa matanga: furaha iko mwanzoni, machozi yako mwishoni.

Jahazi Lililo Shwari

Ajabu ni kwamba mikopo ya simu nchini Kenya imejitwalia msamiati wa Kiswahili, tena wa baharini, ikauleta hadi milima ya Gusii iliyo mamia ya kilomita kutoka Bahari ya Hindi. M-Pesa ilianzishwa mwaka 2007. Baadaye tukapata Okoa Jahazi, huduma ya kukopa muda wa maongezi ambayo hukata asilimia 10 ya kiasi unachokopa. Mwezi wa Novemba 2012 ikaja M-Shwari, akaunti ya kuweka akiba na kukopa, ambayo ilianza kwa ada ya asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Januari 2019 ikafuata Fuliza, ambayo humruhusu mtu kulipa hata pale ambapo salio lake halitoshi.

Hebu tuyatazame majina haya kwa jicho la mwanafunzi wa lugha. Kuokoa jahazi ni kuliepusha na kuzama. Shwari ni hali ya bahari isiyo na mawimbi. Kwa mtu anayeogopa kuzama, neno hili linatuliza moyo. Lakini jahazi ni chombo cha tanga, na tanga huhitaji upepo. Bahari ikiwa shwari kabisa, jahazi halizami, lakini pia haliendi popote. Mabaharia hukaa pale pale huku maji ya kunywa yakipungua. Nalo neno fuliza maana yake ni kufanya jambo mfululizo bila kukoma. Kumbe onyo limo ndani ya jina lenyewe! Pesa yoyote inayoingia kwenye akaunti hukatwa kwanza kulipia kilichofulizwa. Mtu akiona salio limekauka, hufuliza tena, na mfululizo unaendelea.

Hatusemi kwamba huduma hizi hazifai. Mtoto akiugua usiku wa manane, jahazi huokolewa kwanza na mengine hufuata. Tunachosema ni kwamba ziliundwa kwa ajili ya dharura, ilhali wengi wetu tumezigeuza kuwa sehemu ya mshahara.

Hesabu ya Ngazi

Tuchukue mfano wa mwalimu aliyeajiriwa na bodi ya shule, anayelipwa shilingi 15,000 kwa mwezi. Tuseme ana mkopo wa shilingi 6,000 wenye ada ya asilimia 7.5 kila siku 30. Siku ya mshahara analipa 6,450. Pengo hilo linamfanya akope tena 6,000 siku iyo hiyo. Kwa mtazamo wa juu juu amelipa deni na amekuwa mwaminifu. Kwa hakika amelipa shilingi 450 ili abaki pale alipokuwa. Akifanya hivyo kwa miezi 12, atakuwa ametoa shilingi 5,400, karibu sawa na deni lenyewe, na bado anadaiwa 6,000. Ada inayoonekana ndogo kwa mwezi huwa asilimia 90 kwa mwaka. Huo ndio ushwari tuliousema.

Njia ya kutoka ni ngazi. Mwezi wa kwanza analipa 6,450, kisha akilazimika kukopa tena, anakopa 5,000 pekee. Mwezi wa pili analipa 5,375 na kukopa 4,000. Anashuka kipago kimoja cha shilingi 1,000 kila mwezi. Ada zake zitakuwa 450, 375, 300, 225, 150 na 75, jumla yake shilingi 1,575, na mwezi wa sita deni limekwisha. Mwezi mgumu kuliko yote ni wa kwanza, kwa sababu kipago na ada humtoa shilingi 1,450. Kila mwezi unaofuata huwa mwepesi kwa shilingi 75. Bandu bandu huisha gogo.

Ikiwezekana, deni lihamishwe. Vyama vingi vya akiba na mikopo hutoza takriban asilimia 1 kwa mwezi kwa salio linalopungua. Kwa ngazi iyo hiyo ya miezi sita, riba ya shilingi 6,000 ingekuwa 210 tu. Lakini chama hakimkopeshi mgeni. Sharti mtu awe ameweka akiba kabla ya shida. Tahadhari nyingine ni kuhusu vikundi vidogo vya mzunguko kijijini. Baadhi yavyo hutoza hadi asilimia 10 kwa mwezi, jambo linalovumilika kwa kuwa faida huwarudia wanachama mwisho wa mwaka, ila mkopaji asidhani kwamba ni nafuu kwa sababu tu anayemkopesha ni jirani.

Vile vile, tazama tarehe kabla ya kutazama riba. Hazina ya Hustler, iliyozinduliwa na serikali tarehe 30 Novemba 2022, ilitoza asilimia 8 kwa mwaka, kiwango cha chini mno, lakini mkopo wake wa kibinafsi ulipaswa kulipwa katika siku 14. Kwa anayelipwa mara moja kwa mwezi, siku 14 zinaweza kumfikia akiwa mikono mitupu. Mkulima wa chai naye ana kalenda yake: hupokea malipo ya kila mwezi kwa kilo alizopeleka, kisha bonasi ya mwaka, ambayo kwa kawaida huja karibu na Oktoba. Anayekopa mwezi wa Mei kwa kuitegemea bonasi anakopa kwa kiasi asichokijua.

Kuugawa Mwezi kwa Tano

Baada ya kipago cha deni, hubaki swali la chakula. Wengi huzigawa pesa za chakula kwa nne kwa kuwa mwezi una wiki nne. Hapo ndipo kosa linapoanzia. Wiki nne ni siku 28, ilhali mwezi mwingi una siku 30 au 31. Siku hizo mbili tatu za ukingoni, ambazo hazimo katika mpango wa yeyote, ndizo humsukuma mtu kwenye simu.

Kwa hivyo, gawa kwa tano. Ukiwa umetenga shilingi 6,000 za chakula kwa siku 30, hiyo ni shilingi 200 kwa siku. Tia 1,400 katika kila bahasha nne za wiki, na 400 katika bahasha ya tano. Bahasha ya tano ikabidhiwe mtu mwingine nyumbani, wala isifunguliwe kabla ya tarehe 29. Ni fungu dogo, lakini ndilo linaloziba ufa ambao mkopo huingilia.

Pili, nunua nafaka siku ya mshahara. Anayenunua unga wa pakiti ndogo kila jioni hulipia pakiti mara 30. Anayepima mahindi kwa gorogoro, ule mkebe wa kilo 2 tunaoufahamu sote, na kuyapeleka kwenye kinu cha posho, hupata unga mwingi zaidi kwa pesa zile zile. Mahindi ya Gusii huvunwa zaidi Julai na Agosti, na huo ndio wakati wa kuweka akiba. Hata hivyo, kinachonunuliwa kwa wingi huliwa kwa wingi. Pima kwa kibaba kila siku, wala usipike kwa kutazama wingi wa gunia. Neno posho lenyewe lina maana ya chakula kinachotolewa kwa kipimo.

Tatu, tenga kidogo kwa ajili ya michango. Matanga na harambee havipangwi, lakini havikosi kuja. Asiyevitengea hata shilingi 300 atavikopea.

Aibu na Sheria

Mwaka 2021, nikifundisha kama mwalimu wa bodi katika shule moja ya upili, mshahara ulichelewa kwa miezi miwili kwa sababu karo haikuwa imelipwa. Nilikopa kwenye programu moja ya simu, kisha nikakopa kwenye nyingine ili kulipa ile ya kwanza. Jioni moja shangazi yangu aliniita kando, mbali na masikio ya watoto. “Mwanangu,” akasema, “kuna mtu amenipigia simu. Anasema ulimpa nambari yangu, na kwamba wewe hulipi madeni.” Sikuwa nimempa mtu yeyote nambari ya shangazi. Nilitamani ardhi ipasuke. Lakini yeye hakunigombeza. Aliniuliza tu, “Ni pesa ngapi, zote pamoja?” Nikanyamaza. Sikuwa najua.

Usiku ule niliandika madeni yangu yote kwenye ukurasa mmoja kwa mara ya kwanza: nani ananidai, kiasi gani, tarehe ipi, ada ngapi. Ngazi niliyoieleza hapo juu ilizaliwa katika ukurasa huo.

Leo msomaji anapaswa kujua kwamba kanuni za Benki Kuu ya Kenya za mwaka 2022 kuhusu wakopeshaji wa kidijitali zinakataza kuwatumia jamaa na marafiki walio kwenye simu ya mdaiwa ili kumwaibisha, na zinamtaka mkopeshaji awe na leseni. Kwa upande wa mwajiriwa, kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinasema makato yote yasizidi theluthi mbili ya ujira. Sheria hiyo inamwachia mtu theluthi ya kuishi. Hata hivyo, makato hayo ni yale yanayoonekana katika hati ya mshahara. Mikopo ya simu haimo humo. Mtu anaweza kubakiwa na theluthi yake kisheria, kisha akaipoteza kwa kidole chake mwenyewe. Theluthi hiyo ya mwisho haina mlinzi mwingine ila mwenyewe.

Basi ukiona hutaweza kulipa tarehe ikifika, mwone mdai kabla ya tarehe hiyo, si baada yake. Mwenye duka la Nyacheki aliyeambiwa tarehe 25 kwamba atapata nusu sasa na nusu mwezi ujao hukunja uso, lakini huandika. Aliyekimbiwa hafungui daftari tena kwa ajili yako.

Hitimisho

Tumeona kwamba maneno tuliyorithi yanatufundisha kutofautisha kuazima na kukopa, kutulia na kusafiri, kuokoa na kufuliza. Tumeona pia kwamba hesabu yenyewe si ngumu: andika madeni yote mahali pamoja, shuka kipago kimoja kila mwezi, ugawe mwezi kwa tano, na ukitazame chakula kwa kipimo. Dawa ya deni ni kulipa, wahenga walisema; nasi twaongeza kwamba dawa hunywewa kwa dozi, na dozi haikatizwi mgonjwa anapopata nafuu ya kwanza.

Deni langu lilikwisha mwezi wa saba, si wa sita, kwa sababu kulikuwa na matanga katikati. Siku niliyolipa kipago cha mwisho nilipitia kwa shangazi nikamwambia. Alikuwa akichambua chinsaga. Alinisogezea kigoda, akanipa fungu la kuchambua, akasema, “Basi leo utakula hapa.”