Umuremera, Mti wa Dawa wa Milimani

Vijana wengi hapa Bujumbura hudhani kwamba dawa ya miti ni mambo ya wazee, na kwamba dawa ya kweli hutoka Ulaya ndani ya kichupa. Nataka kuwaeleza habari za mti mmoja wa kwetu ambao Ulaya yenyewe huuhitaji.

Mti huo kwa Kirundi huitwa umuremera, na wataalamu huuita Prunus africana. Hupenda baridi na mvua, kwa hiyo usiutafute huku chini kando ya ziwa. Panda hadi msitu wa Kibira, penye mita 2,000 juu ya bahari. Ni ndugu wa mlozi, na ukilifikicha jani lake utasikia harufu ya lozi chungu.

Tangu zamani waganga wa milima ya Afrika wametumia gome lake kwa homa, maumivu ya tumbo na shida ya mkojo. Mwaka 1966 Mfaransa Jacques Debat alipata haki ya uvumbuzi wa dawa itokanayo na gome hilo, ya kuwatuliza wanaume wazee ambao tezi dume yao imekua mno, wasipate kukojoa vizuri. Dawa ikauzwa Ulaya, na gome likatafutwa kwa tani nyingi.

Hapo ndipo hatari ilipoingia. Chakula kinachotengenezwa na majani hushuka mizizini kwa njia ya gome la ndani. Ukilibandua pande zote, mizizi hufa njaa na mti hukauka. Mvunaji mwenye akili hubandua pande mbili zinazoelekeana, huacha mbili, kisha hungoja miaka kadhaa gome liote tena. Tangu mwaka 1995 biashara ya mti huu baina ya nchi na nchi huongozwa na mkataba wa kimataifa uitwao CITES. Yamewapata na Wahindi pia: kutki, mmea wa Himalaya utumikao katika tiba ya Ayurveda, uliingizwa katika mkataba huo mwaka 1997, kwa kuwa huchimbwa mizizi.

Nawasihi mambo mawili. La kwanza, msichemshe gome hili na kunywa ovyo, maana lina asili ya sumu. Mgonjwa na aende kwa daktari. La pili, ninyi wenye kwenu milimani, mkienda likizo pandeni umuremera. Wahenga walisema akiba haiozi. Lakini mbegu ya mti huu ikiwekwa ghalani hufa upesi. Akiba yake ni kuipanda.