Uji wa Mtoto Chini ya Mlima Meru

Ndugu zetu wa Visiwani wanaohamishiwa Arusha kikazi hufika na desturi njema: kuchemsha maji, kinga ya kipindupindu. Mama huamka alfajiri, huchemsha, humkorogea uji mtoto wa mwaka mmoja au miwili, na maji yanayobaki huyahifadhi ya kunywa mchana. Hana kosa.

Lakini maji ya mito na chemchemi nyingi za Meru, kama huko Maji ya Chai na Ngarenanyuki, yana madini ya floraidi kupita kiasi, yatokanayo na miamba ya volkano. Moto huua vijidudu. Floraidi hauiondoi, bali maji yakipungua sufuriani huzidi kukolea. Magadi ya kulainishia maharage nayo huiongeza.

Madhara hayaonekani upesi. Meno ya mbele ya ukubwani hujengeka ndani ya ufizi katika miaka hiyo hiyo ya uji, yakaja kuota na madoa ya kahawia mtoto atimizapo miaka sita au saba. Ikizidi sana, hata mifupa ya miguu hupinda. (Wapo wanaoyaita meno hayo kitambulisho cha mtu wa Arusha. Sisi hatucheki.)

Shirika la Afya Duniani limeweka ukomo wa miligramu 1.5 kwa lita. Maji ya mvua ni salama kwa upande huo, na kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimeonyesha kwamba mkaa wa mifupa ya ng'ombe huichuja floraidi. Twawaomba wakuu wa maji wabandike kipimo cha kila chanzo kliniki, pale mama anapompima mtoto wake uzito.