Bailojia ya Kidato cha Tano ni Mwaka wa Kwanza wa Chuo

Matokeo ya kidato cha nne yakishatoka, kuanzia Soni hadi Mtae, wilayani Lushoto, watu hawazungumzi jingine ila tahasusi. Nani kapangiwa PCB (Fizikia, Kemia na Bailojia), nani kaangukia CBG (Kemia, Bailojia na Jiografia), nani kaamua kwenda zake chuo cha afya. Mzazi aliyesomesha kwa karoti na kabichi husikiliza, halafu huuliza swali ambalo walimu wengi hulijibu kwa kukwepa: hiyo miaka miwili ya kidato cha tano na sita ni ya nini, wakati mwenzake akienda chuo sasa hivi, baada ya miaka mitatu anavaa koti jeupe?

Ni swali la haki, na jibu lake huanzia Kenya. Mwaka 1985 wenzetu walianza mfumo wa 8-4-4 wakaviondoa vidato vya tano na sita. Waliobaki kwenye utaratibu wa zamani walifanya mtihani wao wa mwisho mwaka 1989. Masomo yenyewe hayakufutika. Yalihamia chuo kikuu, na shahada iliyokuwa ya miaka mitatu ikawa ya minne. Udaktari wa binadamu Chuo Kikuu cha Nairobi ni miaka sita. Muhimbili ni mitano. Sasa piga hesabu. Kenya ya 8-4-4, minane ya msingi, minne ya sekondari, sita ya udaktari: kumi na minane. Tanzania, saba, minne, miwili, mitano: kumi na minane vilevile. Mkenya wa 8-4-4 alisoma chuoni kile ambacho kijana wa Lushoto anakisoma akiwa bado anavaa sare na kupanga foleni ya uji.

Wamarekani wana njia yao. Tangu miaka ya 1950 wana mpango wa AP, ambapo mwanafunzi wa sekondari husoma kozi ya kiwango cha chuo, hufanya mtihani unaosahihishwa kwa alama 1 hadi 5, na akipata alama nzuri chuo kinaweza kumsamehe kozi hiyo. Wengine huandikishwa kabisa kwenye kozi ya chuo cha jirani huku wakiendelea na sekondari. Kule ni hiari ya mwanafunzi hodari. Kwetu ni lazima kwa kila aliyechagua mchepuo, hakuna anayempongeza, na msamaha wake umefichwa ndani ya ufupi wa shahada. Ndiyo maana nasema PCB si mwendelezo wa kidato cha nne. Ni kozi ya chuo iliyobaki sekondari tangu enzi za mitihani ya Cambridge, ikarithiwa na Baraza la Mitihani lilipoundwa mwaka 1973.

Wanaoshindwa mara nyingi si wavivu. Hawajaambiwa kwamba mchezo umebadilika. Kidato cha nne kinauliza vyumba vya moyo ni vingapi. Kidato cha tano kinauliza kwa nini vali inafunga wakati ule na si kabla, nani anaiamuru, na damu ingefanya nini kama ingechelewa. Mwanafunzi aliyepata A kwa kukariri anaendelea kukariri, anapiga msuli hadi saa nane za usiku na kile kitabu kinene cha Taylor, Green na Stout ambacho wote wanakiita BS, anasolvu pasti pepa za miaka kumi, na mtihani wa kwanza anapata S. Analia. Mwalimu anamwambia aongeze bidii, na hilo ndilo jibu baya kuliko yote, kwa sababu bidii anayo.

Nichukue siku ya vitendo. Panya kabanwa kwa pini kwenye trei ya nta, tumbo limefunguliwa, na wanafunzi wanachora. Wengi huandika majina ya viungo na kufunga daftari. Lakini inua utumbo taratibu kwa koleo, tazama utando mwembamba unaoushika, na fuata vile vimishipa vyekundu-giza vinavyokusanyika kuwa mshipa mmoja mnene. Mshipa ule hauendi moyoni, ingawa umebeba damu inayotoka kwenye kiungo. Unaingia kwenye ini, unatawanyika tena humo, na ndipo damu inaendelea na safari yake. Mwanafunzi aliyeliona hilo kwa macho yake hahitaji kukariri kwa nini kidonge unachomeza hupunguzwa nguvu na ini kabla hakijafika mwilini kwingine, wala kwa nini dawa fulani hutolewa kwa sindano. Amepata kurasa kadhaa za chuo kwa kuinua utumbo mmoja.

Na panya huyo awe wa kufugwa. Hili ni la Lushoto hasa. Kati ya mwaka 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, wilaya hii ilipata milipuko ya tauni iliyorudi mara kwa mara, na maelfu ya watu wakaugua. Shume ni miongoni mwa sehemu zilizotajwa sana. Wazee wanaikumbuka: panya wanakufa kwanza, halafu watu. Viroboto huuacha mzoga wa panya ukishapoa na kutafuta damu nyingine yenye joto, kwa hiyo kumtuma mwanafunzi shambani akaokote panya wa kupasua ni kumwekea ugonjwa mkononi.

Lakini tauni ndiyo sura bora ya bailojia ya binadamu ninayoweza kumfundishia kijana wa Usambara, na nashangaa jinsi inavyopitwa. Bakteria wake, Yersinia pestis, alitambuliwa na Alexandre Yersin huko Hong Kong mwaka 1894. Ndani ya kiroboto anaishi kwenye ubaridi wa hewa ya kawaida, anazaliana hadi kuziba njia ya chakula. Kiroboto aliyezibwa ana njaa isiyoisha. Anauma, damu haipiti, anaitapika pamoja na bakteria ndani ya kidonda, anauma tena. Bakteria anapoingia mwilini mwa mtu anakutana na nyuzi joto 37, na joto hilo peke yake linawasha jeni zilizokuwa zimelala. Anatengeneza kitu kama bomba la sindano, na kupitia hapo anaichoma chembe nyeupe ya damu protini zinazoilemaza. Askari aliyekuja kumla anasimama kaduwaa. Hapo umesoma udhibiti wa jeni, protini na kinga ya mwili kwa mgonjwa mmoja.

Endelea naye. Maji ya limfu yanayotoka mguuni hupita kwenye tezi za kinenani. Aliyeumwa mguuni atatoka mtoki kinenani. Aliyeumwa mkononi, kwapani. Mtoto aliyelala sakafuni akaumwa shingoni, shingoni. Mahali pa uvimbe panakuambia mahali pa kuumwa, na anayeijua ramani ya limfu anaisoma kwa mgonjwa bila kifaa chochote. Watafiti waliofanya kazi Lushoto waliona wanawake na watoto wakiugua zaidi ya wanaume, na swali la kwa nini ni swali zuri la insha: nani analala wapi, nani anaingia ghalani kuchukua mahindi? Tauni ya mitoki isiyotibiwa huua kati ya asilimia 30 na 60 ya wagonjwa. Ikiwahiwa kwa antibayotiki kama streptomaisini, wengi hupona. Tofauti hiyo yote iko kwenye siku chache za mwanzo, kabla bakteria hajatoka kwenye tezi kuingia damuni.

Sura ya pili imo kwenye barabara ya Mombo. Panda basi bondeni, shuka Lushoto mjini kwenye mita kama 1,400. Sehemu ya oksijeni hewani haijabadilika, ni asilimia 21 kama Tanga. Kilichopungua ni kanieneo ya hewa yote: pwani milimita 760 za zebaki, Lushoto kama 640. Kwa hiyo oksijeni inayosukuma kuingia mapafuni imeshuka kutoka kama 160 hadi 134. Punguzo la karibu moja ya sita, na hata hivyo hakuna anayeanguka stendi. Kwa nini? Kwa sababu himoglobini haibebi oksijeni kwa uwiano wa moja kwa moja. Grafu yake ina umbo la S, juu ni tambarare, na Lushoto bado iko kwenye tambarare hiyo. Kilele cha Uhuru, mita 5,895, ambako kanieneo ni karibu nusu ya ile ya pwani, kimeshaingia kwenye mteremko mkali wa grafu, na huko punguzo dogo la hewa linatoa punguzo kubwa la oksijeni damuni. Mwanafunzi akiielewa grafu hii kwa safari anayoifahamu, hataisahau. Tena ina matumizi: mwili unaoishi milimani huongeza chembe nyekundu, ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linashauri kipimo cha upungufu wa damu kirekebishwe kulingana na mwinuko. Namba ileile ya himoglobini haimaanishi jambo moja kwa mjamzito wa Tanga na mjamzito wa Mtae.

Malaria ningeweza kuiandikia makala nzima. Kimelea cha malaria kali kinahitaji joto ili kikomae ndani ya mbu. Kwenye nyuzi 25 kinachukua siku kama 12. Kwenye nyuzi 20 kinachukua karibu wiki nne, na mbu wachache huishi muda huo. Joto likikaribia nyuzi 16 hakikui. Utafiti uliofanywa kwenye miteremko ya Usambara na kuchapishwa mwaka 2003 ulikuta maambukizi yakipungua zaidi ya mara elfu moja kutoka bondeni hadi uwanda wa juu. Mara elfu moja, ndani ya mwendo ambao basi linaumaliza kwa saa chache. Mtoto aliyekulia Korogwe anaumwa na mbu tangu utotoni na mwili wake unajenga kinga ya kiasi. Aliyekulia mlimani hana, na akipelekwa shule ya bweni bondeni anaweza kuugua vibaya kuliko wenzake wa darasa moja. Hapo hapo Korogwe palikuwa na kimoja cha vituo 11 vya Afrika vilivyofanya jaribio la mwisho la chanjo ya malaria ya RTS,S, jaribio lililoshirikisha watoto zaidi ya 15,000, na mwaka 2021 WHO ikaipendekeza chanjo hiyo itumike. Huko Amani, upande wa mashariki wa milima hii, Wajerumani waliweka taasisi ya bailojia na kilimo tangu 1902, na jina hilo bado linabebwa na kituo cha NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, chenye makao Muheza. Vijana wanaotafuta mifano kwenye vitabu vya Uingereza wamezungukwa na sayansi iliyochapishwa duniani kote kutokana na vilima vyao.

Nikiambiwa nitaje kimoja cha kubadilisha darasani, sitaanza na maabara, ingawa nyingi ni duni. Ningeanza na mdomo. Mwanafunzi aeleze kila utaratibu kwa Kiswahili kwanza, bila daftari, kwa mwenzake asiyesoma bailojia. Akikwama, hajaelewa, hata kama Kiingereza chake cha kwenye notisi ni sahihi nukta kwa nukta. Mtihani uje baadaye kwa Kiingereza chake.

Nirudi kwa mzazi. Stashahada ya utabibu ya miaka mitatu baada ya kidato cha nne si njia ya walioshindwa. Zahanati nyingi za vijijini zingefungwa kesho bila matabibu hao, na wanaofanya vizuri hurudi kusoma udaktari baadaye. Kijana anayetaka kumhudumia mgonjwa mapema, na nyumbani hakuna ada ya kusubiri, aende bila kuona haya. PCB ni ya mwenye hamu ya kujua kwa nini, na aliye tayari kubeba Fizikia, Kemia na hesabu za BAM (Basic Applied Mathematics) pamoja nayo. Anayependa bailojia lakini Fizikia inamtesa, CBG itamfikisha kwenye mazingira, kilimo au ualimu, ila ajue mapema kwamba mlango wa udaktari unadai Fizikia. Hili la mwisho ndilo linalowaumiza wengi, maana huligundua wakiwa kidato cha sita. Tangu Machi 2024 orodha ya tahasusi imepanuka hadi 65, kwa hiyo nafasi ya kuchagua vibaya nayo imepanuka.

Baada ya matokeo ya kidato cha nne TAMISEMI hufungua mfumo wa Selform ili mwanafunzi abadilishe tahasusi au chuo alichochagua, na dirisha hilo halikai wazi muda mrefu. Kaeni chini na mtoto na mwalimu wake wa bailojia kabla halijafungwa.