KUTOKA BARAZA LA WILAYA HATA BUNGE

Wengi huuliza: Mtu atakaye kuwa mjumbe wa kutunga sheria za nchi huanzia wapi? Hakuna chuo maalum cha kazi hiyo. Lakini katika Nyanza wako waliojifunza kwanza katika mabaraza ya nyumbani, na ajulikanaye sana miongoni mwao ni marehemu Bw. Oginga Odinga wa Sakwa, Bondo.

Mabaraza ya Wenyeji yalianza katika Kenya mwaka wa 1925. Mwenyekiti alikuwa Bwana D.C. Wajumbe waliweza kutoza ushuru mdogo na kushauriana juu ya shule, zahanati na barabara, ila shauri lao halikuwa na nguvu mpaka Serikali ilikubali. Mwaka wa 1950 yalipewa sheria mpya yakaitwa Mabaraza ya Waafrika ya Wilaya.

Bw. Odinga alikuwa mwalimu, kisha mfanyabiashara. Mwaka wa 1947 aliongoza kuanzishwa kwa shirika la Luo Thrift and Trading, lililokusanya akiba za watu. Mnamo miaka hiyo akaingia katika baraza la lokesheni ya Sakwa na katika baraza la wilaya, Nyanza ya Kati. Katika mabaraza kama hayo mjumbe hujifunza kuhesabu fedha kabla ya kuahidi daraja, kusikiliza kila ukoo, na kusema kwa adabu mbele ya mwenyekiti asiyekubaliana naye.

Mwezi wa Machi, 1957, Waafrika walichagua wajumbe wa Baraza la Kutunga Sheria kwa mara ya kwanza. Si kila mtu mzima aliyepiga kura. Haki hiyo ilitegemea elimu, mali, mapato au utumishi, na wengine walipewa kura zaidi ya moja, hata tatu. Bw. Odinga alimshinda Bw. B. A. Ohanga, aliyekuwa Waziri. Nyanza ya Kusini, ambamo Uriri na Kanyamkago yote zilikuwamo, ilimchagua Bw. Lawrence Oguda.

Waafrika waliochaguliwa walikuwa wanane tu, na Wazungu waliochaguliwa walikuwa kumi na wanne. Wanane hao walikataa uwaziri, wakadai viti zaidi. Mwaka wa 1958 viti sita vikaongezwa. Mwezi wa Juni mwaka huo huo, Bw. Odinga alisimama barazani akasema ya kwamba Bw. Kenyatta na wenzake waliofungwa wangali viongozi mioyoni mwa watu. Ghadhabu ilikuwa kubwa. Lakini mwezi wa Agosti, 1961, Bw. Kenyatta alikuwa huru.

Bw. Odinga akawa Makamu wa Rais mwezi wa Desemba, 1964, akajiuzulu Aprili, 1966. Mwaka wa 1969 aliwekwa kizuizini. Mwaka wa 1992 watu wa Bondo walimrudisha Bungeni, akafariki Januari, 1994. Vyeo vilikuja vikaenda. Waliobaki naye ni watu wa kwao.

Je, habari hizi zawahusu nini watu wa Uriri? Leo Uriri ni moja katika majimbo manane ya uchaguzi ya Kaunti ya Migori. Ina wadi tano, zote zikiitwa Kanyamkago: ya Kaskazini, ya Kusini, ya Mashariki, ya Magharibi na ya Kati. Tangu mwaka wa 2013 kila wadi hupeleka mjumbe wake katika Bunge la Kaunti, na jimbo zima hupeleka Mbunge wake Nairobi. Zahanati, masoko, barabara za kaunti na shule za chekechea ni kazi ya kaunti. Sheria za nchi, kodi za nchi nzima na mgawo wa fedha kwa kaunti zote hupitishwa Nairobi. Anayemlaumu Mbunge kwa zahanati isiyo na dawa amebisha mlango usio wake.

Basi mjumbe wa wadi akija kuomba kura apelekwe Nairobi, yafaa aulizwe kwa upole: Fedha za wadi zilitumikaje? Alipinga nini, na kwa sababu gani? Kura leo ni moja kwa kila mtu mzima, wala haiulizi elimu wala mali. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Na ngama ya mjumbe ni wadi yake.