Je, Wajua? Kila Mota na Draiva Yake

Je, wajua kwamba printa mbovu mara nyingi huficha mota ya hatua? Nairobi, kampuni ya AB3D huunda printa za 3D kwa kutumia vipuri vya taka za kielektroniki. Mota nyingi za hatua humaliza mzunguko mmoja kwa hatua 200, yaani nyuzi 1.8 kila hatua.

Fundi wa Mununga, kando ya Ziwa Mweru, hahitaji hata umeme kupima mota kama hiyo. Ikiwa ina nyaya nne, gusanisha mbili, kisha zungusha ekseli kwa vidole. Ekseli ikiwa nzito ghafla, nyaya hizo ni za koili moja. Mota hiyo yaweza kuendeshwa na draiva ya A4988, mradi isizidi ampea 2 kwa koili, tena ikipoozwa vizuri. Ile ndogo ya 28BYJ-48, yenye nyaya tano, hutumia draiva ya ULN2003. Kabla ya kuchagua draiva, tazama ampea za mota. Na tafadhali, usichomoe waya wa mota kabla ya kuzima umeme: draiva yaweza kuungua papo hapo.