Tezi ya Shingoni na Chumvi ya Jikoni

Mwaka 1912 mtafiti J. F. Gudernatsch aliwalisha viluwiluwi tezi ya thairoidi ya farasi. Haikupita muda wakaota miguu, mikia ikanywea, wakawa vyura, ila vyura wadogo ajabu, kwa kuwa walikomaa kabla ya kukua. Wenzao waliolishwa viungo vingine walibaki viluwiluwi.

Tezi hiyo sisi tunayo shingoni, chini kidogo ya kongomeo. Homoni yake kuu, thairoksini, hujengwa kwa ayodini, ile inayoandikwa "madini joto" kwenye pakiti za chumvi. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 tu kwa siku, mjamzito 250. Ikishafika kwenye seli, thairoksini hupunguzwa atomu moja ya ayodini ikawa na nguvu zaidi, kisha huamua jeni zipi zifanye kazi na chakula kichomwe kwa kasi gani. Ikipungua, mtu huhisi baridi wenzake wakitokwa jasho, hunenepa, hupata choo kigumu, husinzia mchana. Ikizidi, hula vizuri na bado akakonda, moyo ukimwenda mbio na mikono ikitetemeka.

Msimamizi wa kiwango ni tezi ya pituitari, chini ya ubongo. Kama mpishi anayeonja mchuzi, hupima thairoksini iliyomo kwenye damu. Ikiona haitoshi hutoa homoni iitwayo TSH kuihimiza thairoidi. Sasa ayodini isipokuwepo, himizo halikomi na kazi haifanyiki. Tezi hutanuka, na hilo ndilo rovu.

Lakini rovu ni dogo kulinganisha na linalotokea tumboni mwa mama. Katika miezi mitatu ya kwanza kijusi hakina thairoksini yake. Ubongo wake hujengwa kwa ile ya mama. Upungufu mkubwa wakati huo huweza kumwachia mtoto udumavu wa mwili na akili usiorekebishika. Na hiyo ni pale mimba inapotunga. Thairoidi ikizembea, hedhi huweza kuwa nzito au kupotea, na ubongo unapozidisha himizo huamsha pia prolaktini, homoni ya maziwa, ambayo huzuia yai kupevuka. Wapo wanawake wanaohangaika miaka kutafuta mtoto, na hakuna aliyewapima shingo.

Tumezoea kusema rovu ni la watu wa milimani, ambako mvua imeosha ayodini ardhini. Pemba inakataa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha kuwa wakazi wa kisiwa hicho, bahari ikiwazunguka pande zote, walikuwa na upungufu. Chumvi nyingi iliyoliwa huko haikutiwa madini joto. Chumvi ya bahari kwa asili ina ayodini kidogo mno. Katika kisiwa cha Idjwi, Ziwa Kivu, watafiti waligundua mchangiaji mwingine: muhogo mchungu usiolowekwa vya kutosha. Sumu yake, mwilini, hugeuka kuwa kemikali inayoizuia ayodini kuingia kwenye tezi.

Siku hizi kila uchovu unaitwa "homoni zimevurugika", na wauza unga wa majani wana dawa ya kuzipanga upya. Waulizwe: homoni ipi? Mwili una makumi ya homoni, na ya thairoidi inapimika kwa damu kidogo tu: TSH, na thairoksini ikibidi. TSH ikiwa juu na thairoksini chini, tezi imechoka. Hutibiwa kwa kidonge cha levothyroxine kila siku. Kinamezwa kwa maji matupu, tumbo likiwa tupu. Mjamzito anayekitumia awahi kliniki mara ajuapo ana mimba, maana mara nyingi dozi hulazimika kuongezwa, na vidonge vya madini chuma anavyopewa huko avitenganishe nacho kwa saa 4, kwa sababu vikikutana tumboni chuma huizuia dawa isifyonzwe.