Sura ya Sita: Fundi wa Mitambo na Vumbi Asiloliona

Boito iko Konoin, kaunti ya Bomet, katika ukanda wa chai unaoungana na Kericho. Mvua huku haikosekani kwa muda mrefu, udongo ni mwekundu na unanata, na barabara nyingi za ndani ni za changarawe. Chai ikishachumwa haingoji mtu. Majani yaliyobanwa kwenye gunia hupata joto, hugeuka mekundu, na karani wa kiwanda huyakataa. Lori likikwama kwenye mteremko, anayekula hasara ni mkulima. Tangu serikali za kaunti zianze kazi mwaka 2013, barabara nyingi za aina hii zimekuwa jukumu lao, na barabara hizo hutengenezwa kwa greda, ekskaveta, tipa na mashine ya kushindilia. Greda ikilala, kijiji kizima kinajua. Anayetumwa kuiamsha ndiye tunayemzungumzia hapa.

Wengi humchanganya na makanika wa matatu. Injini ya dizeli wanashiriki, ni kweli, lakini kazi zinaachana mapema. Matatu huhesabiwa kwa kilomita. Mtambo huhesabiwa kwa saa, kwa sababu ekskaveta inaweza kuchimba kutwa bila kusogea mita kumi. Ndiyo maana huduma yake hupangwa kwa saa za injini: 250, 500, 1,000, 2,000. Halafu kuna haidroliki, na hapo ndipo fundi wa mitambo anapopimwa.

Pampu husukuma oili, oili hupita kwenye valvu na mipira, huingia kwenye silinda, na silinda huinua mkono wa chuma wenye uzito wa tani. Kwenye ekskaveta kubwa shinikizo hupita baa 300, wakati tairi la gari dogo lina baa 2 hivi. Ili pampu ihimili nguvu hiyo bila kuvuja ndani, vyuma vyake hupishana kwa nafasi ya mikroni chache tu. Unywele wa binadamu una unene wa mikroni 70 hivi, na jicho zuri haliwezi kuona chembe iliyo chini ya mikroni 40. Kwa hiyo chembe inayoua pampu haionekani, na oili inayong'aa kwenye chupa inaweza kuwa imejaa mchanga.

Mimi nasema usafi ndio ufundi wenyewe, na Boito ni mahali pagumu pa kuutunza. Tope hukauka kwenye fimbo ya silinda. Fimbo ikirudi ndani, sili iliyochakaa inaliruhusu lipite. Fundi mzuri huosha mtambo kabla ya kufungua nati hata moja. Akifungua mpira, huziba ncha zote mbili papo hapo kwa vifuniko au plastiki safi. Hafuti kwa kitambaa kinachoacha nyuzi, wala hamimini oili kutoka kwenye mtungi uliokaa wazi usiku kucha. Pampu ikivunjika, hafungi mpya mpaka amesafisha tangi, mipira na kipoza-oili na kubadilisha filta, kwa maana vipande vya pampu ya zamani bado vinazunguka humo. Nimeona tajiri akinunua pampu mbili kwa sababu fundi aliona kuosha tangi ni kupoteza muda.

Kabla ya spana kuna maswali. Opereta akisema, "Fundi, mashine imechoka," bado hajasema lolote. Imechoka ikiwa baridi au ikishapata moto? Ikilegea baada ya kupata moto, huenda oili imekuwa nyepesi na inapenya kwenye pampu iliyolika. Ni mkono mmoja au kila kitu? Kama vyote vimelegea, tafuta kwenye pampu au valvu kuu ya shinikizo. Kama ni mmoja tu, tafuta kwenye silinda yake au valvu yake. Dakika kumi za maswali haya zinaokoa siku mbili za kufungua vitu vizima. Maabara nayo husaidia: kwenye sampuli ya oili, silikoni nyingi ni dalili ya vumbi, shaba ni dalili ya bushi zinazolika, na sodiamu huashiria maji ya radieta.

Kwenye mitambo ya cheni, tope likijaa kati ya meno hukaza cheni na kuila. Lisafishwe jioni, kabla halijakauka.

Sasa hatari, na hili kijana alishike. Usitafute mvujo wa mpira kwa mkono. Oili inayotoka kwenye tundu dogo kuliko la sindano hupenya ngozi. Alama yake hufanana na kuchomwa na mwiba, maumivu mwanzoni ni madogo, na mtu huendelea na kazi huku nyama ikifa ndani. Tumia kipande cha kadibodi. Ukipatwa, nenda hospitali saa hiyo hiyo na useme wazi kuwa ni oili ya shinikizo, kwa sababu jeraha hilo linahitaji upasuaji wa haraka. Kuchelewa kunaweza kukugharimu kidole au mkono. Na mtu asiingie chini ya kitu kilichoinuliwa na haidroliki pekee. Shusha jembe chini, zima injini, toa shinikizo, weka ufunguo mfukoni.

Njia za kuingia ni kadhaa. Iko diploma ya uhandisi wa mitambo upande wa mitambo ya ujenzi, na iko KIHBT, taasisi ya mafunzo ya barabara na ujenzi jijini Nairobi. Aliyejifunzia jua kali anaweza kufanya mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, kuanzia Gredi III hadi I, na cheti hicho humfungulia milango ambayo mikono pekee haifungui. Mitambo mipya huzungumza kupitia kompyuta, kwa hiyo anayeogopa umeme na vihisi atabaki na mashine kuukuu.

Siwezi kupita bila kutaja Mei 2023, wakati mashine za kuchuma majani zilipochomwa katika maandamano Kericho. Hasira ile ilikuwa na sababu: mashine moja hufanya kazi ya wachumaji wengi, na mafundi inaowahitaji ni wachache. Kumwambia kila mchumaji awe fundi ni kumdanganya. Lakini kwa kijana wa Boito mwenye subira, kazi ipo. Akijitegemea, ajue mapema kwamba wakandarasi wengi hulipa baada ya wao kulipwa, kwa hiyo aandikiane nao bei kabla ya kufungua nati ya kwanza, na gharama ya spea ilipwe mbele.